Jarida linanuka, limepauka, limeliwa: tafuta chanzo kabla ya kugusa ukurasa

Nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa zina mzigo wa majarida ya zamani. Kuna Nchi Yetu za miaka ya 1970, Drum za Afrika Mashariki, Sani zilizopita mikononi mwa watoto wote wa mtaa, Weekly Review za baba, Parents za mama. Aghalabu zimekaa juu ya kabati, chini ya kitanda au ndani ya sanduku la bati. Siku mtu anapotaka kuzipanga sebuleni ndipo anapoona zimeharibika, na mara nyingi jambo la kwanza analolifanya ndilo linaloziharibu zaidi: anazianika juani, anazibandika selotepu, au anazipeleka stesheneri zikapigwe lamineshini.

Karibu kila dalili utakayoiona kwenye jarida imeanzia nje ya jarida lenyewe: ukutani, kwenye rafu, kwenye boksi, dirishani. Ukihangaika na karatasi ukauacha ukuta, masika ijayo utaanza upya. Kwa hiyo katika kila tatizo hapa chini nimeanza na chanzo, na kazi ya mikono imekuja baadaye.

Kuna mambo mawili ya kuandaa kwanza. La kwanza ni kujua karatasi uliyo nayo, kwa sababu tiba ya moja ni sumu ya nyingine. Karatasi ya gazeti ni ile ya kijivujivu, nyepesi, inayofyonza maji mara moja. Majarida mengi ya vibonzo na ya hadithi za picha yamechapwa juu yake. Karatasi ya kung'aa ni nzito na imepakwa udongo mweupe laini ili picha zitoke vizuri. La pili ni kupata kipimaunyevu kidogo, vile vinavyotumiwa kwenye mashine za kutotolea vifaranga. Kiweke pale pale majarida yanapokaa, si katikati ya chumba. Ukungu huanza kustawi unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 kwa siku kadhaa mfululizo, na pwani yetu asubuhi za masika huvuka 80. Lengo lako liwe chini ya 60. Hutalifikia kila siku, lakini utajua ni kona ipi ya nyumba inayokaribia.

Linanuka uvundo na lina madoa

Angalia doa kwa tochi, ukiimulika kwa ubavu. Likiwa na vinyweleo laini na likipakaa ukiligusa kwa ncha ya brashi, huo ni ukungu ulio hai. Likiwa kavu na likitoa unga unaopeperuka, ukungu umelala. Utaamka unyevu ukirudi. Yakiwa ni madoa madogo ya kahawia yaliyozama ndani ya karatasi, hayana unga wala harufu, hayo ni ya uzee. Yaache. Kuyasugua hakuyatoi, kunatoboa karatasi.

Kwa ukungu, swali ni moja: maji yanatoka wapi? Kipande cha nailoni kitakujibu. Kibandike ukutani nyuma ya rafu, uzibe kingo zote nne kwa selotepu, ukiache siku nzima. Umande ukijikusanya upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, ukuta wenyewe umelowa: kuna bomba linalovuja, kuna bafu upande wa pili, au maji yanapanda kutoka kwenye msingi. Umande ukiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa. Tofauti hiyo ni kubwa. Ukuta uliolowa hauponi kwa feni, na hewa yenye unyevu haiponi kwa kupaka rangi.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa ya zamani zina shida yao. Kuta za matumbawe na chokaa zilijengwa ziwe zinapumua. Zikipigwa plasta ya saruji juu, maji hufungiwa ndani na kutafuta pa kutokea, na mara nyingi hutokea nyuma ya kabati. Katika nyumba ya namna hiyo usiweke rafu kwenye ukuta wa nje kabisa, hata kama ndipo panapopendeza. Tumia ukuta wa kati ya vyumba viwili, uache nafasi ya sentimita 5 hadi 10 ili hewa ipite nyuma, na rafu ya chini iwe sentimita 15 juu ya sakafu.

Halafu kuna sanduku la bati. Tumelithamini kwa sababu linazuia panya, na ni kweli linazuia. Lakini bati hupoa haraka usiku, na hewa yenye unyevu iliyofungiwa ndani huganda kuwa matone chini ya kifuniko, kisha matone hudondokea jarida la juu. Ukilifungua ukakuta jarida la juu na yaliyogusa pembeni yameoza na ya katikati ni mazima, umeshapata jibu. Boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana lina kosa lile lile ikiwa majarida yaliingizwa yakiwa na unyevu. Kama huna budi kutumia sanduku, lifungie siku kavu, weka vipakiti vya silika (chembe zinazofyonza unyevu), na ulifungue kila baada ya wiki chache. Vipakiti hushiba. Vile vinavyobadilika rangi ni bora kwa sababu vinakuonyesha wakati wa kuvikausha tena kwenye oveni ya moto mdogo.

Sasa majarida yenyewe. Yatenge na yaliyo mazima, ndani ya boksi la karatasi, si mfuko wa nailoni uliofungwa. Yakaushe kivulini, kwenye chumba kinachopitisha hewa, yakiwa yamesimama na kurasa zimeachana kidogo. Feni iwashwe lakini isielekee kwenye majarida, isije ikasambaza mbegu za ukungu nyumba nzima. Usiharakishe. Ukungu mbichi ukipigwa brashi huingia ndani ya karatasi, ila ukikauka kabisa hutoka kama vumbi. Ukishakauka, toka nje, vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, tumia brashi pana yenye manyoya laini, na upige kutoka mgongo wa jarida kwenda nje. Mwenye pumu asiifanye kazi hii, wala watoto wasiwe karibu.

Usitumie dawa ya kung'arishia nguo, spiriti wala kitambaa kibichi. Na jua? Najua kila nyumba ina mtu anayeamini jua linaponya kila kitu. Jua la saa sita hukausha kweli, lakini papo hapo linaifubaza rangi na kuikakamaza karatasi. Kivuli chenye upepo kinafanya kazi ile ile bila hasara hiyo.

Harufu ikibaki baada ya ukungu kuondoka, dawa yake ni hewa na subira. Kwa pwani ya Tanzania na Kenya, miezi ya Julai hadi Septemba, upepo wa kusi ukiwa mkavu, ndiyo ya kutoa mkusanyiko wote na kuupitishia hewa. Weka kazi hiyo kwenye kalenda. Usipulizie manukato wala usifukize udi kwenye kabati. Moshi una mafuta, na mafuta hubaki kwenye karatasi.

Kurasa zimegandana

Hili huwapata wenye karatasi ya kung'aa pekee. Ule udongo uliopakwa juu ya karatasi hulainika ukilowa, na ukikauka kurasa zikiwa zimebanana huwa kitu kimoja. Ndiyo maana jarida la kung'aa lililolowa halisubiri. Gazeti likilowa unaweza kulianika taratibu, lakini la kung'aa lina saa chache tu kabla halijaanza kukauka.

Likiwa bado bichi, usilifunue kwa pupa. Liweke juu ya taulo, ingiza karatasi nyeupe isiyo na maandishi kila baada ya kurasa chache, badilisha karatasi hizo zikilowa. Kama ni majarida mengi, bomba limepasuka na umekuta boksi zima linachuruzika, friza ndiyo itakayokuokoa. Funga kila jarida peke yake kwa karatasi ya kuokea, lilaze kwenye mfuko wa nailoni, ligandishe. Kugandisha hakukaushi, kunasimamisha saa. Utayatoa moja moja, ulishughulikie kila moja kwa utulivu. Ya kung'aa yaingize mara moja, na hata mengine usipitishe saa 48, kwa sababu baada ya hapo ukungu umeshaanza. Na kama mtaa wenu umeme hukatika mara kwa mara, jaza friza vizuri na usiifungue ovyo.

Yakishakauka yakiwa yameganda, karibu yote yamekwisha. Kisu chembamba kinaweza kuachanisha kona, lakini picha hubaki upande mmoja na upande wa pili unatoka mweupe. Mimi huacha. Jalada likiwa zima, jarida bado lina thamani, na kwenye orodha unaandika kwamba kurasa fulani zimegandana.

Maji ya mafuriko ni habari nyingine kabisa. Yamechanganyika na maji ya vyoo. Jarida linalopatikana kwingine litupwe, bila huzuni ndefu. Lile lisilopatikana lishikwe kwa glavu.

Kurasa zimekuwa njano na zinameguka

Njano ya kingo tu, katikati kweupe: hewa na mwanga vimeingia kutoka pembeni. Ni kawaida, haina haraka.

Njano ya ukurasa wote, na kona inakatika ukiikunja: karatasi ya gazeti inajila yenyewe. Karatasi hii hutengenezwa kwa mti uliosagwa bila kuondolewa lignini, kile kinachoufanya mti uwe mgumu. Lignini ikikutana na hewa na mwanga hubadilika rangi, asidi huongezeka, na nyuzi za karatasi hukatika. Hakuna njia ya nyumbani ya kurudisha nyuma. Unachoweza ni kupunguza kasi: giza, ubaridi, ukavu, na kuacha kulifungua mara kwa mara. Jarida la namna hii lipige picha au skani mara moja, kwa ubora wa dpi 300, kisha usome picha na kulipumzisha lenyewe.

Njano yenye umbo ndiyo inayofurahisha kuichunguza, kwa sababu inakuonyesha mkosaji. Mstatili wa kahawia katikati ya ukurasa safi maana yake kulikuwa na kipande cha gazeti kilichochomekwa pale miaka mingi. Mistari ya kahawia inayong'aa ni selotepu. Alama ya mbavu mbavu kwenye jalada la nyuma ni boksi la kahawia. Asidi huhama kutoka karatasi mbovu kwenda karatasi nzuri zikigusana. Kwa hiyo toa kila kilichochomekwa, vifungo vya mpira na klipu za chuma pia. Tenga majarida ya karatasi ya gazeti na yale ya kung'aa. Kama boksi lako ni la kahawia, tandika ndani karatasi nyeupe za A4 za fotokopi. Nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa unga wa chokaa, hazina asidi, na zinapatikana duka lolote.

Mifuko ya plastiki inafaa, ila si yote. Plastiki ya polipropilini na ya poliesta ni salama. Ile ya PVC, laini na yenye harufu kali ya pazia jipya la bafu, hutoa asidi kadiri inavyozeeka na huivuta wino wa jalada. Inuse kabla ya kununua. Na kwa hewa ya pwani usiuzibe mfuko. Upande mmoja ubaki wazi.

Lamineshini niiseme kwa nguvu. Stesheneri watakuambia italilinda milele. Wanachofanya ni kuyeyusha gundi kwa moto juu ya karatasi, na gundi hiyo haitoki tena. Asidi iliyokuwa ndani imefungiwa pamoja na karatasi, kwa hiyo kazi ya kuoza inaendelea humo humo. Kitambulisho cha kazini kipige lamineshini. Jalada la Mambo Leo, hapana.

Kutu mgongoni

Pini za stepla za zamani ni chuma cha kawaida. Hewa ya bahari huzila, kutu huingia kwenye karatasi, na karatasi inayozunguka pini hulainika hadi kurasa za katikati zikadondoka. Kama kutu ni kidogo na jarida limeshika, liache. Kama imeshaanza kula karatasi, fungua jarida katikati, inua miguu ya pini kwa kisu butu chembamba, chomeka kipande cha karatasi ngumu chini yake ili usipasue, kisha vuta pini kutoka nje. Iliyokakamaa ikate vipande viwili badala ya kuilazimisha. Kisha shona kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale, fundo likae ndani. Usipige pini mpya pembeni ya ile ya zamani. Unaongeza matundu na kutu ya miaka ijayo.

Majarida yaliyobandikwa gundi mgongoni, yenye mgongo bapa, hayana pini lakini gundi yake hukauka na kupasuka. Ukisikia linalia ukilifungua, usilifungue zaidi. Kurasa zikishatoka, zipange kwa mpangilio wake, zifunge ndani ya karatasi nyeupe, zikae pamoja na jalada. Kuna mafundi wa kujalidi vitabu wanaofanya kazi safi ya kushona majarida ya mwaka mzima kuwa juzuu moja, na kwa anayeyasoma mara kwa mara ni njia nzuri. Sharti moja: mwambie fundi asikate kingo. Mashine ya kukatia hupunguza milimita kadhaa kila upande, na majarida ya zamani yalikuwa na maandishi hadi karibu na ukingo.

Vitundu, kingo zilizotafunwa, ungaunga

Mdudu humjui kwa kumwona, unamjua kwa kazi yake.

Jalada limekwanguliwa juu juu, rangi imetoka kwa mabaka yasiyo na mpango, karatasi haijatobolewa: huyo ni kile kidudu cha rangi ya fedha chenye mkia wa nyuzi tatu, kinachokimbia ukiwasha taa. Anafuata wanga na gundi, na anahitaji unyevu mwingi. Ukimwona yeye, rudi kwenye kipimaunyevu kabla ya kwenda dukani kununua dawa.

Kingo zimelika kwa meno ya msumeno, kuna vinyesi vidogo vyeusi na madoa ya kahawia: mende. Anafuata chakula. Kabati la majarida lililo kwenye ukuta mmoja na jiko litakuwa naye daima.

Tundu la mviringo safi, linalopita jarida hadi jarida kwa mstari, na unga laini chini: mabuu ya mdudu anayetoboa. Mara nyingi ameanzia kwenye ubao wa rafu. Kagua ubao kwanza.

Majarida yanaonekana mazima kwa nje, ukiyainua ni mepesi na ndani ni udongo: mchwa. Hapa usianze na majarida hata kidogo. Fuata njia ya udongo ukutani au nyuma ya kabati hadi inapoingia sakafuni, umwite mtu wa dawa ashughulikie msingi. Ukifuta njia ile tu watatengeneza nyingine. Kuna pia mchwa wa mbao kavu, wasiojenga njia ya udongo. Wao huacha chini ya kabati chembe ndogo ngumu kama mbegu. Kabati hilo litoke nje ya nyumba.

Kwa wadudu waliomo ndani ya majarida, friza inashinda dawa zote. Liweke jarida kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, ziba, liache kwenye baridi ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukilitoa, usifungue mfuko hadi siku ya pili. Umande utajikusanya juu ya nailoni badala ya juu ya karatasi. Mayai hufa pia, jambo ambalo dawa nyingi za kupuliza haziwezi.

Vile vidonge vyeupe vya naftalini sivitaki kwenye nyumba yenye watu. Mvuke wake ni sumu, na kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ambayo si adimu pwani ya Afrika Mashariki, unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi. Majani ya mwarobaini yaliyokauka kabisa hayana madhara hayo, ila usiyategemee peke yake, na usiweke mabichi, yana maji. Karafuu ziache kwenye sanduku la nguo. Mafuta yake huacha doa.

Jalada lililokuwa likipendeza limegeuka bluu

Pita kibanda cha kinyozi chenye picha za mitindo zilizobandikwa dirishani. Nyuso zote ni za bluu. Wino wa manjano na wa waridi hufa kwanza juani, wa bluu na mweusi hubaki. Jalada lako la sebuleni linaelekea huko huko, polepole zaidi. Mwanga hujumlishwa: saa moja ya leo inaongezwa kwenye saa zote zilizopita, na kulipumzisha jalada gizani hakurudishi kilichopotea.

Chanzo hapa ni mahali ulipotundika. Simama sebuleni saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri, uone jua linagusa wapi. Ukuta unaotazamana na dirisha la magharibi haufai. Taa ndefu za zamani za mirija hutoa miale inayofifisha rangi. Balbu za LED ni nafuu zaidi, ila zisikae karibu wala zisiwashwe usiku kucha kwa ajili ya pambo.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kutundika nakala. Skani jalada, lichapwe kwa rangi kwenye karatasi nzito, liwekwe kwenye fremu. Mgeni anaona ulichotaka aone, na jarida lenyewe liko gizani. Hakuna udanganyifu ndani yake. Makumbusho hufanya hivyo hivyo.

Anayetaka lenyewe lionekane, alizungushe: miezi mitatu ukutani, kisha libadilishwe na lingine. Fundi seremala anaweza kukutengenezea rafu nyembamba za ukingo, kina cha sentimita 5 na kibanzi cha mbele cha sentimita 2, majarida yakasimama uso nje bila gundi wala pini. Ni rahisi kubadilisha, na watoto wanaweza kulichukua wakasoma, jambo ambalo ni zuri kwa nakala ulizo nazo mbili. Kwa fremu, jalada lisigusane na kioo. Hewa yetu huligandisha nacho. Omba fremu yenye kadi ya pembeni inayoacha upenyo. Lishikwe kwa vipembe vya karatasi kwenye kona, kamwe si kwa gundi ya pande mbili. Nyuma ya fremu weka vipande vidogo vya koki (ile ya vizibo vya chupa) ili isilale kwenye ukuta.

Rafu imepinda, majarida yamelegea

Mita moja ya majarida ya karatasi ya kung'aa, ukubwa wa A4, hufikia kilo 50 na zaidi, kwa kuwa karatasi hiyo ina udongo. Chipbodi ya milimita 18 yenye urefu wa sentimita 90 bila nguzo katikati itapinda, hilo halina mjadala. Weka nguzo kila sentimita 60, au tumia mbao ngumu.

Jarida la pini halina mgongo wa kujibeba. Likisimamishwa bila msaada linajipinda, na baada ya mwaka mmoja halinyooki. Liweke kwenye boksi la majarida lililojaa vya kutosha kulishikilia, au lilaze. Ukilaza, rundo lisizidi kimo cha sentimita 20, na migongo ipishane: matano huku, matano kule, vinginevyo rundo litaegemea upande mmoja.

Hulipati toleo, au umelinunua mara mbili

Orodha ya daftari inatosha, ya lahajedwali ni bora. Kinachoikwamisha huwa ni tarehe. Ukiandika "Machi 1978" na "Aprili 1978", kompyuta itapanga Aprili, Machi, Mei, bila kujali mwaka. Andika 1978-03 na 1978-04, mwaka kwanza, na kila kitu kitajipanga chenyewe. Lenye namba bila mwezi, weka namba kwenye safu yake na mwaka peke yake kwenye safu ya tarehe.

Andika pia lilichapwa kwa ajili ya wapi. Drum ilianzia Afrika Kusini mwaka 1951, kisha ikawa na chapa za Afrika Mashariki na Afrika Magharibi. Nakala mbili za mwezi mmoja zinaweza kuwa na majalada tofauti, na asiyejua hugawa moja akidhani ni ziada. Jua jarida lilianza lini na liliishia lini, ndipo utajua pengo lako ni pengo kweli: Mambo Leo ilianza 1923, Transition ya Kampala 1961, Joe ya Nairobi 1973, Weekly Review ilianza 1975 na kufungwa 1999. Kisha hali: kurasa zilizokatwa, picha ya katikati iliyotolewa, kuponi iliyojazwa kwa kalamu, jina la mmiliki wa kwanza kwenye jalada. Jina hilo usilifute. Mwisho, mahali lilipo: rafu B, boksi 4.

Nafasi ikikuishia, orodha hii ndiyo itakayokusaidia kuchagua. National Geographic ni jarida zuri, limechapwa tangu 1888, na nakala zake zimejaa duniani. Ukizigawa kwa shule ya jirani hakuna kinachopotea. Jarida la mkoa, la chama cha ushirika, la kanisa au la shule, lililochapwa nakala mia chache kwa Kiswahili, huenda lako ndilo lililobaki. Hilo lipewe sehemu kavu kuliko zote nyumbani kwako, hata kama jalada lake halipendezi sebuleni. Ukiwa na mfululizo wa namna hiyo, zungumza na kitengo cha East Africana cha maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au na Nyaraka za Taifa za nchi yako, kabla ya kumuuzia anayetaka majalada tu. Orodha uwaachie wa nyumbani pia, nakala moja ya karatasi ndani ya boksi namba 1, ikionyesha kwa kalamu nyekundu ni yapi yasiuzwe kwa kilo.